Shika Tochi

Umeme ukikatika Bududu, sisi wengine huendelea kuongea.
Dada yangu hukatika nao.
Katikati ya neno mikono yake humezwa,
na kwenye simu, iliyoegemezwa debe la kahawa,
wenzake huonekana wakiinama, wakikodoa macho:
Ximena wa Bolivia, nyuma yake jua la saa nane mchana,
Bishnu wa Nepali, blanketi hadi masikioni,
wote wawili wakimtafuta Khainza gizani.

Hapo hunigusa kwa mguu.
Shika tochi.

Nashika. Juu kidogo. Si usoni, mikononi.
Mkono wa kulia ukifa ganzi nahamishia wa kushoto.
Kila mmoja wao alikuja na alama za kwao.
Mwanzoni walikwama kwenye neno dogo kama mama,
wakarudia, wakacheka, wakachora hewani,
huyu akimwazima yule kidole,
mpaka wakawa na kauli yao watatu,
ambayo hakuna afisa anayeweza kuigongea muhuri.

Mimi ni kaka yake, tumbo moja.
Najua alama arobaini hivi, zote za jikoni:
kula, maji, ng'ombe, njoo, acha, pesa, homa.
Sina alama ya kwa nini.
Nilidhani haihitajiki.

Usiku mmoja, mvua ikiyachapa mabati,
aliwasimulia maporomoko ya mwaka juzi.
Nilitambua kwa namna viganja vilivyoteleza
vikajizika vyenyewe.

Likilia la mgambo lina jambo, walisema wahenga.
Hawakusema asiyelisikia aambiwe na nani.
Filimbi zilipulizwa. Masufuria yaligongwa.
Mimi nami nilipaza sauti,
jina lake, jina lake, huku nikikimbia kuelekea kanisani,
na mlima ukashuka.
Ulipita nyumba ya pili kutoka kitanda chake.
Alfajiri alifungua mlango ili akojoe
akakuta migomba haipo,
na kwa mama Nabifo hapana kwa mama Nabifo.

Hayo niliyajua.
Nisilolijua ni kwamba nami nimo katika hadithi.
Alininyooshea kidole bila kugeuka,
kisha vidole viwili vikakimbia, vikakimbia, juu ya meza.

Tochi ilitetemeka.
Akanigusa kwa mguu.

Ximena hakutoa pole ndefu.
Alitoka kwenye kioo akarudi na kamba.
Ncha moja kwenye kifundo cha mguu wake;
nyingine, alionyesha, hupita dirishani
hadi kwa jirani mwenye masikio.
Kwao nako milima haina subira.
Bishnu akauliza jambo, pembe mbili kichwani, kamba, mwereka,
na watatu wakaangua kicheko.
Nilikuja kuelewa baadaye: mbuzi akijikwaa je?
Walikuwa wameshahamia kwenye habari nyingine.

Siku ya soko nilinunua mita ishirini za kamba ya nailoni,
ya buluu, ile ya kufungia magunia.
Nikatoboa udongo wa ukuta wake, na wa kwangu.
Mke wangu alisema tumefungwa kama ndama.
Nikajifunga hivyo hivyo.

Usiku wa tatu, saa tano,
kamba ilinivuta mara tatu, kwa nguvu.
Nilitoka mbio, suruali mkononi.
Mvua haipo. Mlima umelala fofofo.
Khainza amesimama mlangoni, simu kifuani,
nyuma yake taa imezimika,
na usoni hana hata chembe ya haya:
Ximena yuko hewani. Shika tochi.

Nilishika.
Lakini kabla ya kuinua mwanga juu kidogo, si usoni, mikononi,
niliugeuzia mkono wangu mwenyewe,
ukiwa mtupu, na vidole vinene vya jembe,
nikaukunja hivi, nikaukunjua,
nikitafuta kwa nini.

Alinitazama kwa muda mrefu.
Kisha akanishika kidole gumba, akakisogeza mahali pake.