Mkia Mfupi

Kisanduku kilisema: toleo la mwisho.
Draken, ndege ya kivita, moja kwa arobaini na nane,
vipande mia na kitu vya plastiki ya kijivu.
Kwa Kiswidi chetu jina hilo ni joka,
na ni tiara ya mtoto pia.
Alvar alikuwa akisema inategemea upepo.

Mimi ni fundi wa meno, mstaafu.
Miaka thelathini na minane hapa Norrköping
nimechonga magego ya watu nisiowajua,
kwa hiyo plastiki usinifundishe.
Keekee yangu ninayo bado, ncha yake unywele,
nta ninayo, simiti ya meno ninayo,
na macho yamerudi tangu nitolewe mtoto wa jicho.

Tatizo ni mkia.
Katika picha ya mwaka wa sitini,
nyeusi na nyeupe, rangi haitoi ushahidi,
kaka yangu amesimama uwanjani, kofia kisogoni,
kiganja kimeegemea tako la ndege
kama anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua.
Mkia unaishia pale kiganja kinapoishia.
Huu wa kisandukuni unaendelea,
una mchongoko, una magurudumu mawili madogo chini yake,
mawazo ya wahandisi wa baadaye.

Msumeno, tunaambiwa, hukata mbele na nyuma.
Nikakata nyuma.

Kumbukumbu za Alvar zinaondoka kinyumenyume.
Walitangulia vitukuu, kisha pensheni,
kisha Ingegärd, mkewe, aliyezikwa juzi tu.
Novemba nilimpelekea gazeti lenye Draken ukurasa mzima.
Akalisukuma. "Hii si yangu.
Nani kaivuta mkia?"

Nilijaribu kumvuta aje huku tuliko.
Haji.
Basi nikaanza kupunguza.

Jicho la kunusia joto, lile la chini ya kidevu,
nikalikwangua, nikaziba, nikapiga msasa,
nikaziba tena.
Kioo kilichovimba nikakiweka kando;
nikapasha karatasi ya plastiki, nikaikandamiza
kama ninavyotengeneza kinga za wacheza magongo,
nikachora fremu kwa utepe mwembamba kuliko uzi wa meno.
Usiku mmoja nilikosea nikakata zaidi,
nikaongeza, nikakata, nikatukana kwa lahaja ya mama,
peke yangu, saa nane usiku,
mzee wa miaka sabini na tisa na ndege isiyo na mkia.

Machi, barafu ya mto ikipasuka, nikampelekea.
Akaipuliza. Akaigeuza tumbo juu.
Kidole gumba kikapita nyuma, taratibu, kikafika ukingoni,
kikasimama.
Muuguzi naye akasimama, na trei mkononi.

"Mzinga wa kushoto uko wapi?"

Mungu wangu. Toleo la mwisho lina mmoja, wa kulia.
La kwanza lilikuwa na miwili.
Miezi minne nimehangaika na mkia
nikasahau bawa.

Nikatoa keekee mkobani, palepale dirishani.
Alvar akashika ndege; mikono
inayomwaga supu kila mchana
haikutikisika hata chembe.
Tundu likafunguka, unga mweupe ukadondoka
juu ya andazi lake la iliki,
naye akaliangalia tundu kama anayechungulia nyumba aliyokulia.

"Wewe fundi wa kikosi gani?"
"Wa meno," nikamjibu.
Akacheka mpaka ufizi ukaonekana,
meno yote juu na chini,
seti niliyomchongea mwenyewe alipofikisha themanini.

Ndege iko kwake sasa, kando ya redio.
Nyumbani, kwenye kisanduku cha kiberiti,
nimeweka ncha ya mkia na magurudumu mawili
madogo kama mbegu za ufuta.
Sijavitupa.
Miaka ile ilikuwepo, na mimi nilikuwemo;
mmoja wetu lazima aitunze.