Kidole

Saa moja asubuhi, mwaloni Butiaba,
ziwa lina rangi ya chai iliyosahauliwa.
Tuko saba. Hakuna anayelipwa.
Onegiu anatuhesabu, anatuhesabu tena,
kisha anamwambia Lossa atuhesabu yeye.
"Boti inayorudi na hesabu nyingine
si boti tena, ni kesi."

Siku ya kwanza hatukugusa maji.
Tulifunga kamba kwenye mguu wa benchi la zahanati
mpaka fundo likaijua njia yake gizani:
kitanzi kinachombeba mtu bila kumkaba.
Bigirwa, fundi pikipiki, kucha zimejaa grisi,
alilifunga la kwake mikono ikiwa mgongoni, akatabasamu.
Onegiu akalivuta. Likafunguka kama uongo.
"Tena."

Amri zote ni kwa Kiswahili.
Wengine wetu ni Wagungu, wengine Waalur,
Lossa ana lugha yake ya ng'ambo,
na upepo unaoporomoka kutoka gengeni
haumngoji mkalimani.
Bibi yangu aliisikia lugha hii kwanza kwenye kizuizi cha barabara,
ikimwambia Shuka. Ikimwambia Lala chini.
Mpaka anakufa, ikisikika redioni
alipunguza sauti.
Mimi nimeikuta hapa ikisema
Shika. Nimekushika. Pumua.

Kuogelea sijui sana. Nilisema mapema:
mwenzenu nabanika muziri, maji nayajua kwa kuyatazama.
Nikadhani nitarudishwa kwenye moshi wangu.
Onegiu aliniangalia macho, moja, kisha la pili.
"Basi wewe ni kidole."

Kazi ya kidole ni hii:
mtu akianguka unapiga kelele, unanyoosha mkono,
unamlenga, na humwachi.
Boti ikigeuka kulia, wewe unageuka kushoto.
Wimbi likikupiga usoni, hupepesi.
Hutupi kamba. Hushiki usukani.
Ukimwomba Mungu, mwombe macho yakiwa wazi.
Kichwa cha mtu ziwani ni kidogo kama parachichi;
ukikipoteza mara moja
ziwa litakuonyesha elfu, vyote vya povu.

Leo mtu wetu ni jerikeni,
maji nusu, limevalishwa fulana ya njano.
Fulana nilileta mimi.
Onegiu aliomba nguo kuukuu, hakuuliza ya nani.

"Mtu majini!"
Bigirwa anakata usukani, injini inafoka,
milima ya Kongo inapita, mnara wa simu, mabanda ya samaki,
milima tena,
na katika mzunguko wote huo
mkono wangu tu ndio unaojua unakwenda wapi.
Njano. Imezama. Njano.
"Zima!" Bigirwa anavuta uzi wa kifundoni,
rafadha inakata roho, tunaelea,
Lossa anarusha kamba, fupi, anarusha tena.
Onegiu anasoma saa: dakika nne na nusu.
"Mmemwokolea wazishi. Tena."

Dakika tatu. Tena.
Tatu na kitu, jaketi la mtu halikufungwa kamba ya chini,
tukaanza upya wote.
Jua limepanda, midomo ina chumvi ya jasho
katika ziwa lisilo na chumvi.

Mara ya sita, dakika mbili kasoro.
Jerikeni limo ndani, fulana inachuruzika miguuni petu,
wenzangu wanacheka, wanagongana mabega,
Lossa anaikamua ile fulana polepole,
anaikunja vizuri, sijui kwa nini, hajaambiwa,
na mkono wangu bado umenyooka
juu ya maji matupu,
magharibi kidogo ya mlango wa bandari,
pale ambapo miaka mitatu iliyopita
boti nzima ilitazama pande zote
na hakuna aliyetazama pamoja.

"Kabasinguzi." Safari hii haikuwa sauti ya amri.
"Hesabu."

Nikaushusha mkono. Ulikuwa mzito, kama si wangu.
Nikahesabu. Saba.
Nikahesabu tena,
kama tulivyofundishwa.