Hereni

Ndani ya kila seva mna kichwa kingine,
kidogo, kama ukucha wa kidole gumba,
kina waya wake, anwani yake, nywila yake.
Seva ikizimwa, chenyewe hukesha
kwa umeme haba, kama mama mwenye mtoto wa surua.
Ukikijua, waweza kukaa Kiamunyi,
blanketi mabegani, baridi ya Menengai dirishani,
ukaamsha mashine iliyoko Kisumu
bila kugusa kitasa.

Ndiyo kazi yangu. Mama husema
nalipwa kwa kubonyeza. Sibishi.

Jumanne ile vilikuwa vichwa kumi na moja:
vinne Kericho, kimoja Molo, vitatu Kakamega,
vitatu chumba cha nyuma cha chama cha akiba,
hatua chache kutoka soko la Kibuye.
Zamani ningebisha hodi kwa kila kimoja.
Siku hizi kuna chombo: unaandika faili moja,
nani aingie, mlango upi ufungwe, saa ifuatwe ya wapi,
kisha amri moja, na vyote huitikia
kama darasa likiamkiwa.

Viliitikia. Kumi.

Nilikuwa nimeandika tisa pahali pa sita.
Tarakimu moja tu, na kichwa cha Kisumu
kikahamia mtaa usiokuwapo,
kikakaa huko, kizima, kitiifu,
kikinisubiri pale pale nilipokituma.

Nikajiambia, kesho. Seva yenyewe inafanya kazi,
si imepoteza sikio tu?
Saa tisa usiku stima ikakatika Kisumu,
ikarudi, ikakatika, ikarudi.
Kumi na mbili asubuhi kungekucha siku ya gawio,
wakulima wa miwa mlangoni na vitambulisho mkononi,
na kati yangu nao Salgaa na malori yake,
ukungu wa Londiani, Awasi, Ahero.
Sina gari.

Awino hufungua ofisi saa kumi na moja, kwa ndoo na dekio.
"Mimi?" akasema. "Chumba cha kelele?
Niliambiwa nisikiguse hata kwa ufagio."
"Leo kiguse."

Akabonyeza kitufe cha mbele. Feni zikavuma
nikazisikia hadi Nakuru, kisha zikapoa:
mashine imekwama, inauliza kitu
kwenye kioo ambacho hakuna aliyekifunga.
"Zunguka nyuma. Utaona tundu.
Dogo. Dogo kuliko hilo. Tafuta pini."

Kimya. Kisha, kwa mbali, kama anayejisemea:
"Pini sina. Ngoja nivue hereni."

Akadunga, akahesabu kwa sauti kama nilivyomwomba,
achiel, ariyo, adek,
polepole, kama anayepima mafuta kwa kijiko,
hadi apar. Akaachia.
Kichwa kikasahau kila nilichokifunza,
kosa langu likiwamo.

Sasa nywila ya kiwandani, kwenye kibandiko.
"Ni O au ni sifuri?"
"Ina tumbo?"
"Zote zina tumbo, dada."
Tulikosea mara mbili. Ya tatu ikafunguka,
na swali lililokuwa likingoja gizani
likasimama mbele yangu, maneno meupe:
*Saa yangu imepotea. Niendelee?*

Nikaandika ndiyo. Nikaketi nikitazama mistari ikishuka
mpaka Awino akasema taa imekuwa kijani
na je, anaweza kupiga dekio sasa.

Kwenye faili, juu kabisa, nimeongeza mstari
ambao chombo hakiusomi:
*Hesabu tarakimu kwa kidole. Kisha hesabu tena.*

Hereni ilipinda, haikunyooka.
Nilimtumia mia tatu kwa simu anunue nyingine.
Saa saba mchana simu ikalia:
nimerudishiwa mia moja na hamsini.
Zilikuwa za bei hiyo, akaandika,
na zile za kwanza pia.