Gramu Hamsini

Baba alitengeneza mizani.
Si ya tungo; hiyo nilikutana nayo baadaye, shuleni.
Ile ya chuma, yenye sahani na mshale,
inayoning'inia katika mabucha ya Burma
na kulala juu ya magunia ya vitunguu pale Marikiti.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
aliponipa kazi ya kwanza:
"Shika tochi. Usiitikise."
Nikashika hadi mkono ukafa ganzi.
Mwanga ulipoyumba hakunigombeza.
Alisubiri tu, bisibisi hewani,
mpaka nione haya mwenyewe.

Springi iliyochoka, alisema, huijui kwa macho.
Ipige kwa ukucha. Isikilize.
Mimi nilisikia malori ya Barabara ya Jogoo.
Mwaka mzima, malori.
Kisha Jumamosi moja, springi.

Bei haitajwi umechuchumaa.
Simama, futa mikono, itaje, kisha nyamaza.
Anayeongeza neno anapunguza pesa.

Na daftari: kilichoingia, kilichotoka,
na safu ya tatu, nyembamba,
ya majina ya wanaodaiwa
na kwa nini tumewavumilia.
Mama Ndunge, maharagwe: mtoto yuko hospitali.
Usimdai. Msalimie tu.

Sasa nifike kwa Gacheru,
bucha la tatu kutoka langoni.
Alitaka gramu hamsini ziyeyuke katika kila kilo.
Noti ya elfu aliikunja ndogo kama hirizi.
Baba alinitazama.
Mfukoni mwangu mlikuwa na barua ya mwalimu mkuu,
karo, muhula wa pili,
naye alikuwa ameisoma mara mbili.

Akachukua bisibisi.
Nusu mzunguko.
Nilimmulikia, wala sikutikisika.

Hatukusemezana hadi Kaloleni.

Jumapili akanituma kwa Gacheru, kilo moja, bila mfupa.
Akaiweka kwenye mizani yetu ya nyumbani,
akapanga mawe yake ya shaba yenye muhuri,
moja, jingine, lile dogo la mwisho akaliondoa.
Mia tisa na hamsini.
Mama aliipika kwa nyanya na dania.
Tulikula sisi. Yeye alikula ugali na sukumawiki
akasema jino linamsumbua.

Jumatatu redio haikuwa juu ya kabati.
Alfajiri tulikuwa Burma, damu ya jana bado sakafuni.
Alimrudishia Gacheru elfu yake, imenyooshwa,
akageuza skrubu nusu mzunguko, akaenda zake.
Gacheru alitutukana hadi barabarani.
Miaka mitatu hakutuita.
Karo? Nilikaa nyumbani wiki tano,
nikajifunza kuunga springi.

Daftari lile ninalo.
Ukurasa wa siku hiyo, safu ya kilichotoka: 1000.
Safu nyembamba, jina si la Gacheru. Ni lake mwenyewe,
Musembi,
na mbele yake, kwa penseli:
mkono ulitikisika.

Siku hizi mizani ni za betri,
namba nyekundu, hakuna cha kupiga kwa ukucha.
Natengeneza hizo pia. Kibao cha ndani kinanuka
kama nywele zilizoungua.
Mwanangu, wajina wa babu yake, ananimulikia kwa simu
na jicho moja liko kwenye mpira
wanaocheza wenzake nyuma ya vibanda.

Mwanga umeyumba.

Nasubiri.