Doa la Rangi ya Kucha

Redio nimeinunua kwa fundi Mhina, Makorora,
imefungwa mpira tumboni mfuniko usidondoke.
Inakula mawe manne, alisema, umeme haiutaki,
na ndiyo sababu nikaichagua:
umeme wetu hukimbia kabla mvua haijabisha.

Mama yuko mkekani, anapeta mchele, haangalii.
"Ya nini? Simu si unayo?"
Simu inazima, Mama. Mnara nao huzima.
"Na hiyo?"
Hiyo ina mawe.

Nikaanza na antena, imevunjika kifundoni.
Nikaiunga kwa waya wa shaba
niliouchomoa kwenye pangaboi bovu la marehemu baba,
nikaupitisha kwenye nondo ya dirisha, nikaukweza hadi kenchi.
Kelele zikawa za dagaa kikaangoni.
Nikasogeza sindano, unywele mmoja tu, dagaa wakanyamaza,
na mtu akasema habari za jioni
kana kwamba siku zote alikuwa ananingoja.

Mbio nikamwita Mwanjaa na kichupa chake:
tone moja jekundu juu ya kioo, pale pale sindano iliposimama,
kwa kuwa macho ya bibi yake hayasomi tena namba
ila wekundu bado yanaujua.

Hapa, Mama. Usiguse. Kila usiku, baada ya taarifa,
hali ya hewa.

Akaweka ungo chini.
Kwake redio ni kitu kimoja: matangazo ya vifo.
Miaka arobaini ameisikilizia hilo,
kanga begani,
*habari ziwafikie popote walipo,*
na kabla jina la tatu halijatajwa ameshajua
kama ni Pongwe au Muheza, na nauli atakopa kwa nani.
Redio humwambia yaliyokwisha.
Leo nakuja mimi na waya na kichupa
namwambia aisikilize imtajie yasiyokuwa.
"Ya ghaibu hayo," akasema. "Yana Mwenyewe."

Sikubishana. Nikamfundisha maneno.
Angalizo: tega sikio.
Tahadhari: anua nguo, funga mabati.
Tahadhari kubwa: chukua mfuko, twende shuleni kwenye paa la zege.

Mfuko nikautundika nyuma ya mlango:
hati ya nyumba, tochi, kiberiti ndani ya chupa,
vidonge vyake vya presha.
Kesho yake nikaukuta umenenepa.
Ametia sanda yake.
Nikaitoa. Akairudisha.
Tukaacha hivyo.

Mwezi wa nne, usiku wa Jumanne, mimi nimelala fofofo,
redio ikasema *tahadhari*, ikasema *pwani*, ikasema *Tanga*.
Nilipotoka nje nikamkuta Mama katikati ya barabara ya kumi na tisa,
anagonga mlango kwa mlango kwa mpini wa ufagio,
kwa mama Semkiwa, kwa Hemedi wa mkaa,
hata kwa Bi Zuhdia, waliyenuniana tangu Idi ile ya deni,
na sauti yake ni ile, ile ya matangazo:
"Habari zimfikie Hemedi na mkewe, popote walipo humo ndani,
kuna upepo!"

Tukafunga mabati kwa kamba za katani.
Tukapandisha matofali. Gunia la mkaa likalala sebuleni kwetu
kama mgeni wa heshima.
Bi Zuhdia akaja na birika, hakusema kitu, akamimina.

Upepo ukapita.
Ulichukua ndoo moja na ndimu changa,
ukaenda zake baharini.

Asubuhi Hemedi, mweusi hadi kope, akacheka:
"Upepo nao wa Tanga! Waja leo, waondoka leo."
Barabara nzima ikamgeukia Mama.

Alikuwa anaifuta redio kwa pindo la kanga,
akilizunguka doa, asilifute.
"Tangazo la maiti," akasema, "tangu niolewe
halijakosea hata moja.
Hili limekosea. Alhamdulillahi."

Kisha akaniuliza mawe yanauzwaje siku hizi,
na ya akiba tuweke mangapi.