Kidole Gumba

Jumapili, Yuma. Saa kumi na moja alfajiri
Ruperto alipiga honi mara moja tu,
maana jirani yangu ana mbwa asiyesamehe.
Nyuma ya gari lake, juu ya trela,
pikipiki nne za miguu minne minne
zimefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu.
Nikapanda na chapati kumi na mbili ndani ya taulo
na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Mchangani alinifundisha kwa maneno ya kuhesabu:
hapa breki, hapa gia,
mafuta unayasukuma kwa kidole gumba.
Gumba tu?
Gumba tu. Na akili, kama umekuja nayo.
Akapunguza upepo matairini, sss,
mpaka mpira ukatandika mchangani kama unyayo wa ngamia.
Akanichomekea fimbo ndefu, nchani bendera nyekundu:
"Ukiwa bondeni, hii ndiyo wewe.
Aliye ng'ambo ya tuta ataiona hii
kabla hajakuona."

Basi tukaenda.
Mwendo ule sijui niuelezeje.
Ukibonyeza, tumbo linabaki nyuma;
ukiachia, linakukuta na kukupita.
Darlene, aliyestaafu ukarani wa posta mwaka jana,
alipanda tuta wima, mjusi na ukuta wake,
akafika kileleni, akatoweka,
bendera ikabaki peke yake kidogo
kisha nayo ikazama.
Mnyazi wa chumba cha kufulia
alipiga kelele ndani ya helmeti hadi miwani ikaota ukungu:
"Na Kaloleni wanadhani niko kwenye theluji!"

Tuta la tatu nililiingia kwa ubishi.
Katikati ya mwinuko gumba likaogopa,
likaachia.
Mchanga hauna subira na anayesitasita.
Pikipiki ikageuka, ikalala ubavu taratibu,
ng'ombe aliyechoka kukamuliwa,
nami kando yake, mdomo umejaa jangwa.
Sikuumia. Nilitazama anga,
halafu nikatazama bendera yangu:
imelala nami.
Hii ndiyo wewe, alisema.
Kwa hiyo sasa sipo.
Nyuma ya tuta injini ilikuwa inanguruma, inakaribia,
sijui ya nani.
Nikaing'oa fimbo, nikapiga magoti,
nikaitikisa kwa mikono miwili
kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Alikuwa Mnyazi.
Alicheka kwanza, akanisaidia baadaye.

Mchana tulikula juu ya tuta refu kuliko yote,
maharage ya Ruperto ndani ya chapati zangu,
kila tonge na chembe zake zinazolia menoni.
Kusini, uzio wa mpaka ulipanda na kushuka
na migongo ya matuta, mweusi, nguzo kwa nguzo.
Ruperto aliuonyesha kwa kipande cha chapati.
"Nyanya yangu yuko kule.
Kwa gari ni dakika ishirini, na foleni saa tatu.
Kwa hii pikipiki..."
Hakumaliza. Akatafuna.
Mchanga ulikuwa unapenya kati ya nguzo,
ukienda, ukirudi.
Mnyazi alifungua mdomo aseme neno juu ya hilo.
Nikamkanyaga mguu.
Darlene akauliza kama chai imebaki.

Jioni tulirudi tumevaa rangi moja wote.
Nilioga mara mbili, na bado
mto wangu usiku ulikuwa na ufuko wake mdogo.

Jumatatu, wodini, gumba limevimba.
Bomba la sindano nalo, sikuwahi kulifikiria,
husukumwa kwa kidole hicho hicho.
Nikabonyeza kidogo, nikapumzika, nikabonyeza.
Mzee wa kitanda cha sita,
ambaye kila siku hufumba macho na kukunja uso,
leo aliyafumbua.
"Nesi," akasema, "leo huna haraka."
Nikamwambia haraka yote niliimaliza jana.
Akaniangalia sikioni,
akanyoosha kidole,
akanifuta chembe.