Chumvi ya Nizwa

"Wallahi, lori hili halijaona bahari," aapa Zahran.
"Bedford ya Nizwa, imezeekea Nizwa, mitendeni."
Namsikiliza huku nagonga bodi kwa kifundo cha kidole.
Mlango unalia bati.
Madigadi ya nyuma inalia udongo:
puti, nene kama ugali wa jana.
Sumaku yangu inateleza, inaangukia changarawe.

Najisokomeza chini kwa mgongo.
Chesisi imepakwa rangi mpya, nyeusi, ya haraka.
Nakwangua kwa ukucha. Naonja.

Chumvi.

"Nizwa mmechimba bahari lini?"

Zahran anacheka hadi kofia inamwanguka,
ananimiminia kahawa,
kisha anaishusha bei polepole, kituo kwa kituo,
Ibra, Bidiya,
mpaka tunafika Sur, ufukweni.